Mteja Asiyebishana Bei

Jumapili ya brocante, watu wa Saint-Gilles, Brussels, wanapotandaza barabarani vitu vyao vya zamani na kuviuza, Sylvestre Mushagalusa alifunika meza yake kwa kitambaa cha kijani na kupanga visu vyake vya kuwindia. Upande mmoja alikaa mwanamke aliyeuza wanasesere wasio na macho. Upande wa pili alikaa Iddi, Mtanzania wa ghorofa ya juu, ambaye alikuwa amekuja kuuza jaketi mbili na kutoa ushauri.

Sylvestre alikuwa fundi wa lifti. Alipotoka kazini alishuka uani, nyuma ya nyumba waliyopanga, akawasha tanuri lake dogo la gesi na kufua visu kwa springi kuukuu za magari. Kazi hiyo aliijua tangu Bukavu, kwa mjomba wake. Nia yake ilikuwa njema na ndogo: kutengeneza kisu imara ambacho mtu wa kawaida anaweza kukinunua bila kugombana na mke wake.

Mbele ya meza alisimama mzungu mrefu mwenye masharubu na makoti mawili, moja juu ya jingine. Jina lake, kama walivyokuja kujua, lilikuwa Collignon. Alikuwa akiuza bima siku za kazi, na ikifika wikendi alikuwa akiwinda nguruwe mwitu huko Ardennes. Aliviruka visu vyote vilivyong'aa, akainua kimoja kilichokuwa bado cheusi na bila mpini, chenye ganda la moto na alama za nyundo, ambacho Sylvestre alikileta tu ili meza isionekane tupu.

"Kama hiki ni bei gani?" aliuliza kwa Kifaransa.

Bei ambayo Sylvestre aliitaka moyoni ilikuwa euro tisini. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayetaja bei anayoitaka. Kwa hiyo alivuta pumzi, akataja mara mbili yake: mia moja na themanini. Akajiandaa. Alijua kinachofuata: mzungu angecheka, angeshika kichwa, angesema arobaini, yeye angeuliza kama anataka watoto wake wafe njaa, na mwishoni wangekutana kwenye tisini kama ndugu.

"D'accord," alisema Collignon, yaani sawa, akatoa noti.

Sylvestre alimtazama Iddi. Iddi alizitazama zile noti.

"Lakini hakijaisha," Sylvestre alijitetea. "Nipe muda nikimalizie."

"Chukua muda wako. Msimu wetu unaanza mwezi ujao. Nitakuja nyumbani kwako kukichukua."

Alipokwisha kuandikiwa anwani aliinua kofia, akaenda zake. Sylvestre alikaa kwenye kiti chake cha kukunja kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Kaka, hongera!" Iddi alimpiga begani. "Hiyo ndiyo inaitwa good customer."

"Iddi, ndugu yangu," Sylvestre alisema kwa sauti ndogo, "nimemwiba ule muzungu."

* * *

Émérance, mke wake, alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akazihesabu noti, akazitia kwenye mkoba wake, ndipo akauliza:

"Alikubali? Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu! Nilisema cent quatre-vingts, mia moja na themanini, juu anishushe. Hakunishusha, maman Priscille! Ata kidogo!"

"Bon. Sasa njo unalia juu ya nini?"

"Juu kisu yangu haina ya cent quatre-vingts. Iko ya nonante, tisini tu. Miye njo naijua, nilikuwa nayo tangu ikiwa chuma."

"Alors mufanyie kisu ya cent quatre-vingts, tuishe maneno."

Alisema hivyo ili apate kuendelea na mchele wake. Hakujua kwamba ameanzisha balaa.

Iddi alifanya kazi katika ofisi ya hesabu, na jioni ileile alishuka kuwasaidia. Alieleza kwamba bei haitoki moyoni. Inatoka kwenye gharama. "Tunaita costing, kaka. Chuma, gesi, msasa, mpini, halafu muda wako." Alimhoji Sylvestre kuhusu saa anazotumia kufua, kuchonga kwa tupa, kuchovya kwenye mafuta, kunoa. Alibonyeza simu yake kwa muda, akakohoa.

"Kwa mshahara wako wa lifti, kisu kimoja kinakugharimu mia saba."

"Mia saba," Émérance alirudia. "Na tunaviuza nonante. Iddi, muambie huyu kwamba kila akiuza kisu, sisi njo tunamulipa muteja."

"Saa zangu hazihesabiwi," Sylvestre alikataa. "Uani minafurahi. Muntu hawezi kulipisha mwingine furaha yake."

"Basi kama hazihesabiwi," Iddi alisema akifunga simu, "kisu chako ni cha euro ishirini na mbili."

Hilo ndilo lililomvunja kabisa. Ishirini na mbili! Sasa alikuwa amemwibia Collignon zaidi ya alivyodhani. Usiku huo aligeukageuka kitandani hata Émérance akahamia sebuleni na mto wake.

* * *

Kwanza Sylvestre alikikataa kile kisu cheusi. Alikitia mpini wa haraka kwa kipande cha mguu wa kabati alichookota kando ya njia, akauzungushia kamba usiteleze, akampa mkewe cha jikoni. Kisha akachagua springi bora kuliko zote alizokuwa nazo, akaanza upya.

Kufua kulikwenda vizuri. Balaa lilikuwa kwenye kumalizia. Alipiga msasa mkali, bapa likawa jeupe. Lakini kwenye weupe mikwaruzo ilionekana. Akapiga msasa wa wastani, mikwaruzo mikubwa ikaondoka na midogo ikajitokeza. Akapiga msasa laini, kisha laini zaidi, kisha ule unaofanana na karatasi ya kufungia peremende, kwa maji, kwa mafuta, kwa dawa ya meno. Kila alipodhani amemaliza, alikipeleka dirishani, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, akapiga kelele, "Ah! Hii hapa tena!" na kurudi uani.

Kazini pia alikuwa amekuwa mtu mwingine. Mwenzake alimkuta ndani ya lifti iliyosimama katikati ya ghorofa, akisugua kitasa cha shaba ambacho hakuna aliyemwagiza akiguse.

Kisu kikawa kioo. Si kama kioo: kioo. Asubuhi moja Sylvestre alikitafuta kote, akamkuta Émérance amekiegemeza kwenye birika la chai, akijichora nyusi kabla ya kwenda kanisani.

"Usikipumulie!" Sylvestre alilia. "Kitapata ukungu!"

"Papa Priscille, hii kisu iko naangara kuliko kioo ya bafuni. Imekwisha. Iache."

"Bado mpini."

Mpini aliutengeneza kwa mti mwekundu, akaupiga nta mpaka ukawa laini kama sabuni iliyolowa. Akatia ribiti tatu za shaba. Baada ya hapo ikabaki ala. Ngozi nzuri ilikuwa ghali, na moyo wake haukumruhusu kumwongezea mtu gharama katika kisu ambacho tayari alikuwa amemwibia. Alizunguka nyumbani akifikiri. Akafungua kabati. Akafunga kabati. Akalifungua tena.

* * *

Collignon alikuja Jumamosi mchana, mvua ikinyesha, na chupa ya bia ya nyumbani kwao mkononi. Sylvestre alikuwa amevaa shati la harusini. Alimkalisha sebuleni, akamletea kisu kikiwa ndani ya ala, juu ya sinia, kimefunikwa kitambaa. Émérance alikuja hadi mlangoni kushuhudia, taulo la jikoni begani.

Sylvestre alifunua.

Kabla mgeni hajasema neno, Émérance aliona ala. Ilikuwa ya ngozi ya kahawia, imeshonwa vizuri sana, na ubavuni ilikuwa na zipu ndogo ya dhahabu.

"Papa Priscille," alisema kwa Kiswahili, akiendelea kumchekea mgeni, "ile ni buti yangu?"

"Haukuwa unaivalaka tena," Sylvestre alijibu, naye akimchekea mgeni.

"Ilikuwa ya kuvaa Noël."

"Moja tu nimekata. Ingine iko muzima."

"Tutaongea," alisema Émérance, akarudi jikoni akiwa bado anatabasamu, na hilo lilimtisha Sylvestre kuliko kelele.

Collignon alikichomoa kisu. Akaona masharubu yake mwenyewe ndani yake. Akakigeuza, akaona dari, taa, na Sylvestre aliyekuwa amesimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Ni kizuri," alisema. "Ni kizuri sana."

Lakini alikirudisha kwenye sinia polepole, jinsi mtu anavyomrudisha mtoto mchanga wa watu kwa mama yake.

"Hukipendi," Sylvestre alisema.

"Si hivyo." Mzungu alijikuna shingo. "Bwana Mushagalusa, mimi nafanya kazi na kisu porini, magotini, kwenye matope. Mikono ina damu, mvua inanyesha. Mpini huu utaniteleza, nitajikata mwenyewe. Na huku kung'aa, nguruwe ataniona kabla sijatoka Brussels. Halafu nikikikwaruza nitalia. Mke wangu atakitundika ukutani, na mimi nitaendelea kutumia kile kibovu changu. Nilidhani utanipa kile cheusi."

"Kile kilikuwa hakijaisha!"

"Mimi nilidhani kimebaki mpini tu. Nilidhani ule weusi ndio ufundi wenyewe."

Sylvestre alikaa. Wiki zote zile, msasa wote ule, na mtu alikuwa anataka kisu kabla hakijanawa uso. Hakujua acheke au amtoe nje.

Wakati huo, kutoka jikoni, zilisikika sauti nzito: ko, ko, ko. Collignon aliinua kichwa. Sikio la mwindaji halidanganyiki. Aliifuata sauti, Sylvestre nyuma yake, mpaka wakamkuta Émérance akikata makayabu, samaki wa chumvi mkavu kama ubao, na kila pigo likidondosha kipande safi. Pengine kila pigo lilikuwa na jambo la buti ndani yake. Mkononi alikuwa na kile kisu cheusi chenye mpini wa kamba.

"Hicho!" alisema Collignon.

"Hiki ni changu," alijibu Émérance kwa Kifaransa, bila kugeuka.

"Bibi, nakiomba. Nitaongeza pesa."

Hapo Émérance aligeuka. Alimtazama mgeni kuanzia kofia hadi viatu.

"Mia mbili na hamsini," alisema.

"D'ac..."

"Non!" Sylvestre aliruka akamziba mdomo kwa kiganja, masharubu na yote. "Usiseme! Nakuomba kwa jina la Bwana, usiliseme neno hilo tena hapa ndani!"

Sylvestre alimwondolea mkono, akaomba radhi, akamweleza kila kitu: kwamba bei ya kwanza si bei bali ni salamu, kwamba ile ya mtaani aliitaja ili ishushwe, kwamba tangu siku ile hapati usingizi, na kwamba mke wake sasa analala na mto sebuleni.

"Lakini ungeniambia tu bei ya kweli," alisema mzungu.

"Na wewe ungejuaje kwamba ni ya kweli?"

Collignon alifikiri. Miaka yote ya kuuza bima alikuwa akisoma bei kwenye jedwali, na watu wakisaini. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba bei yake ni ghali, wala yeye kuambiwa zaidi ya mara chache, na siku hizo alirudi nyumbani na huzuni.

"Basi nifundisheni," alisema, akavua koti moja.

Émérance alifuta mikono kwenye taulo. Alirudia: mia mbili na hamsini. Sylvestre alimnong'oneza mgeni aseme ni ghali mno.

"Bibi, ni... ghali kidogo," alisema Collignon akiwa amewiva kama nyanya. "Samahani. Mia mbili arobaini na tisa?"

"Mungu wangu," alisema Émérance.

"Sema sitini!" Sylvestre alinong'ona.

"Sitini? Atanipiga!"

"Hatakupiga. Sema kisu kinanuka samaki."

"Kinanuka samaki," alisema Collignon kwa aibu. Halafu, kama aliyegundua mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kuufungua: "Na mpini umefungwa kamba! Sitini!"

"Sitini unanunulia meno ya kisu, si kisu!" Émérance alichangamka. "Hiki kimekata makayabu, mbuzi, na kontena la plastiki. Mia mbili!"

"Sasa ondoka," Sylvestre alimwambia. "Nenda mlangoni kama umekasirika. Atakuita."

Collignon alitoka kwa hatua za mtu aliyekasirika, jinsi alivyodhani zinavyokuwa. Walisikia mlango. Walisikia ngazi. Émérance alikaza macho kwenye samaki wake. Kumwita mapema kungekuwa kushindwa. Walisubiri. Kisha wakasikia mlango wa chini wa nyumba ukifungwa.

"Amekwenda wapi?" aliuliza Émérance.

Sylvestre alifungua dirisha. Chini, kwenye mvua, bila koti lake la pili, Collignon alikuwa amesimama kando ya taa ya barabarani, akimtazama mwanamke aliyepita na mbwa, akisubiri kuitwa.

"Panda! Panda juu!" Sylvestre alipiga kelele.

"Ameshusha bei?" aliuliza Collignon kutoka chini.

"Mia moja na hamsini!" Émérance alijibu juu ya bega la mumewe.

"Sabini!" Collignon alipaza sauti, na mwenye mbwa alisimama kusikiliza.

"Muongezee kidogo tu," Sylvestre alimshauri Collignon kutoka dirishani.

"Weye uko upande ya nani?" Émérance alimgeukia. "Muntu anapigania kushusha bei ya nyumba yake mwenyewe! Iddi akisikia atazimia."

Hakuzimia, lakini alisikia. Alichungulia dirisha la juu, akauliza kama kuna moto. Alipoelezwa alisema mia moja na ishirini ni fair. Mwenye mbwa alisema yeye angetoa themanini. Collignon, maji yakimdondoka masharubuni, alikataa zote mbili, akasema maneno ambayo hakuna aliyemfundisha:

"Bibi, unataka watoto wangu wafe njaa?"

Émérance alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Tisini, alisema. Tisini, na apande ale.

Alipanda, akala makayabu na sombe, yaani kisamvu, na wali, akaomba tena. Sylvestre alimrudishia euro tisini kutoka kwenye mkoba wa Émérance, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuungama. Collignon aliondoka na kisu kinachonuka samaki, akiwa amekizungushia gazeti, furaha tele. Kwenye ngazi walimsikia akijisemea, "Sitini! Mia mbili! Ha!"

"Umefurahi?" Émérance alimuuliza mumewe.

"Sana."

"Bon. Kesho tunaenda kununua buti."

* * *

Buti zilikula zile tisini zilizobaki na nyingine kidogo. Lakini wiki haikuisha kabla Collignon hajapiga simu: wenzake wa Ardennes walikuwa wamekiona kisu, na wanne walitaka cha namna ileile, cheusi, bila kung'arishwa. Kila mmoja alipiga simu yake, na kila mmoja alianza kwa kusema ni ghali, hata kabla ya kuuliza bei. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha.

Kazi ya kufua visu hivyo ilikuwa rahisi. Kazi ya kuacha ndiyo iliyokuwa ngumu. Sylvestre alikuwa akikitoa kisu kwenye mafuta, kizuri, cheusi, kimekwisha, na mkono ukaanza kutafuta msasa peke yake. Mwishowe Émérance alizikusanya karatasi zote za msasa, akazificha ndani ya pipa la mchele, na alimpa moja moja, kwa ajili ya makali tu, kama anayempa mgonjwa vidonge.

Kisu cha kioo kilibaki kabatini. Hakuna mwindaji aliyekitaka, na Sylvestre hakukubali kukikwaruza. Siku moja Émérance alikitia kwenye mkoba, ndani ya ala ya buti, akakipeleka kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles kwa Larissa, anayekodisha magauni ya harusi na mapambo ya ukumbi.

Larissa alikichomoa, akajitazama, akarekebisha lipstiki. "Ya gâteau, ya keki," alisema papo hapo. "Hii njo ya kukata gâteau ya mariage. Bei gani kwa Jumamosi moja?"

Émérance alitaja sitini. Larissa alishika kichwa, akasema ishirini, akatishia kufunga duka. Walikutana kwenye thelathini na tano, na mpaka mwaka mpya kisu kilikuwa kimekwenda harusi nyingi kuliko mchungaji wao.

Sylvestre hakufurahia kwanza. Kisu cha nguruwe kukata keki! Lakini alialikwa kwenye harusi moja ukumbini Molenbeek, akaenda kukiona kikifanya kazi. Bwana na bibi harusi walikishika pamoja, wakakizamisha kwenye ghorofa ya kwanza ya keki, watu wakapiga vigelegele. Kisha wakakiacha pale mezani, bapa zima limepakwa krimu, wakaendelea kulishana.

Sylvestre alivumilia kadiri alivyoweza. Mpiga picha ana ushahidi wa hayo. Katika picha ya kwanza maharusi wanakata. Katika ya pili wanalishana, na nyuma yao mzee mmoja mwenye lile shati la harusini anainuka kwenye kiti chake. Katika ya tatu wanabusiana, na katikati ya vichwa vyao anaonekana vizuri kabisa, amekunja uso, kitambaa cha mkononi kimekunjwa mara mbili, akipangusa kisu.